Themostati Mbili, Sufuria Moja

"Kobe hachemki tena," alitangaza Spana, mguu mmoja juu ya bampa kama mwindaji anayepigwa picha na mnyama wake. "Nikimaliza mimi, siku atakayochemka ni siku ya kuyeyushwa awe sufuria."

Aliyasema hayo uani kwa dada yake, mchana kweupe, mbele ya dada na mumewe, yaani shemeji yake, na shangazi yake. Dada alicheka. Shemeji alitabasamu, kama kawaida yake. Shangazi aliuliza kama hicho kiatu kilichokanyaga bampa ndicho hichohicho kitakachoingia jikoni kwake.

Kobe alikuwa gari la familia, la milango ya kuburuta, la zamani kiasi kwamba rangi yake kila mtu aliitaja kivyake: dada alisema ni ya maziwa, shemeji alisema ni ya kijivu, shangazi alisema ni ya ugonjwa. Mlango mmoja ulifunguka kutoka ndani tu, mwingine kutoka nje tu, kwa hiyo abiria walilazimika kupendana. Lakini tabia iliyomchosha kila mtu ni ya kuchemka. Akipewa njia tambarare, Kobe alikwenda kwa adabu. Akionyeshwa mlima, mshale wa joto ulipanda kuliko gari lenyewe, na mvuke ukatoka chini ya boneti kama vile kuna mtu anapika humo.

Spana alikuwa amesikiliza dalili, akatazama video kwenye simu mpaka chaji ikaisha, kisha akatoa hukumu: themostati. Aliwaeleza wenzake kwa sauti ya daktari bingwa. Ni kidude kidogo cha shaba chenye springi, kinakaa njiani ambako maji ya injini hupita kwenda kwenye rejeta kupoa. Injini ikiwa baridi, kinafunga mlango. Injini ikipata moto, kinafungua, maji yanapita. Cha Kobe kimezeeka, kimekuwa bawabu aliyelala na funguo mfukoni. Kinatolewa, kinawekwa kipya, watu wanakwenda zao.

Jina la Spana alipewa utotoni, siku alipofungua saa ya ukutani kutafuta dakika zinakotunzwa. Saa aliirudisha vizuri kabisa, ila vyuma kadhaa vilibaki kiganjani, na tangu siku hiyo saa haikutembea tena. Watu wengine wangejifunza kitu. Yeye alipata jina, akaridhika.

Haraka ya safari hii ilikuwa na sababu. Mama yao alikuwa amevunjika mguu na alikuwa amelazwa hospitali iliyo ng'ambo ya mlima. Kesho yake angeruhusiwa, na swali la aende kuuguzwa kwa nani lilikuwa limeisumbua familia nzima. Mama mwenyewe alitaka kwenda kwa kaka mkubwa, mji wa mbali, nyumba ya ghorofa ambayo hata mzima alipumzika katikati ya ngazi. Dada alimbembeleza aje kwake. Mama alikubali kwa nusu mdomo, na nusu iliyobaki ilikuwa inamsubiri shemeji ateleze.

Si kwamba mama alikuwa na ugomvi na mkwe wake. Ugomvi ungekuwa na mwisho. Alikuwa na mashaka naye tu. Shemeji alikuwa fundi cherehani, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na pini mdomoni, na mama hakuwahi kuelewa binti yake alimwonea wapi huyo mtu wa kukaa kutwa akipunguza suruali za wanaume wenzake. Shemeji alilijua hilo. Kwa hiyo alikuwa ameandaa kila kitu: amefunga bomba la kushikia bafuni, amehamisha kitanda karibu na dirisha, ameshona mto mnene wa kulazia mguu, wenye mfuko pembeni wa kuwekea miwani na simu. Kilichobaki ni kumfikisha mgonjwa nyumbani bila fedheha. Fedheha yote ilikuwa ndani ya Kobe.

Kazi ilianza vizuri. Spana alimwaga maji ya rejeta, yale ya kijani, kwenye beseni, na dada akapiga kelele kwamba hilo ni beseni la kufulia, akajibiwa kwamba sasa limepandishwa cheo. Akalegeza ule mpira mnene unaotoka kwenye rejeta, ukamtemea kidogo usoni. Bolti moja ya kifuniko cha themostati ilikataa kufunguka. Aliibembeleza, akaitukana, akaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, mpaka ikasalimu amri. Ndani ya kifuniko ndimo alimokuwa mwenyewe, themostati ya zamani, imevaa kutu na utelezi. Spana aliichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza, ikaacha mkwaruzo mrefu kwenye ukingo wa shaba, kama kovu la mtu aliyewahi kupigana sokoni.

Hapo ndipo kazi ilipotakiwa kuisha. Kipya kingeingia, kifuniko kingefungwa, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini shemeji, kwa sauti yake ya pini, aliuliza watajuaje kwamba hicho kidude ndicho chenye makosa.

Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua. Spana alilisikia kama shitaka.

"Shemeji, wewe shughulika na vifungo," alisema. "Mambo ya vyuma tuachie sisi."

Kisha akaamua kufanya onyesho. Vidude vyote viwili vingechemshwa jikoni, mbele ya watu, ili kila mwenye macho aone kipi kinafunguka na kipi kimelala.

Shangazi alisimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa dada wa marehemu baba yao, aliishi hapo tangu kuugua kwa baba, na jikoni alikuwa serikali. Hakukataa onyesho. Alikataa kutu. Alisema hakuna chuma kichafu kitakachoingia kwenye sufuria yake, kama ni cha gari, kama ni cha ndege. Spana akaenda bombani, akaisugua ile ya zamani kwa sabuni, limau na dodoki la chuma. Akairudisha. Shangazi akaitazama kwa mbali, akamrudisha bombani. Mara ya mwisho aliporudi nayo, ilikuwa inang'aa kuliko ile mpya, na yeye mwenyewe akacheka, akasema ametengeneza bi harusi kutoka kwa bibi.

Shemeji alileta uzi wa kuvitundikia ndani ya maji, mweusi na mweupe, akauliza atumie upi kwa kipi. Spana alikuwa ameshaanza kuhutubia, akamwambia akate wowote. Shemeji akakata vipande viwili vyeusi.

Basi wakasimama kuizunguka sufuria kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Shangazi peke yake hakuja karibu. Alikuwa dirishani na kikombe cha maji, akimwagilia ua lake lililokaa kwenye kopo juu ya kizingiti. Ua hilo lilikuwa limekufa, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa yeye. Lilibaki kijiti kikavu kilichosimama kwenye udongo kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Shangazi alisema limepumzika.

Maji yalipoanza kutoa mapovu, kidude kipya kilijifungua polepole, kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango kwa mgeni anayempenda. Cha zamani kilikaa kimya. Maji yakachemka, yakaruka, yakamwagikia jiko, ndipo kikaachia mwanya mwembamba, kama jicho la mtu anayeamshwa asubuhi ya mvua. Dada alipiga makofi. Shemeji alisema sasa ameona. Spana aliinama kwa watazamaji, akazima jiko, akavitoa vyote viwili kwa nyuzi zao, akavilaza juu ya kitambaa.

Vidude vile vikipoa hujifunga. Vilipopoa vikajifunga vyote. Vikalala pale juu ya kitambaa, viwili, safi, vinang'aa, na nyuzi nyeusi shingoni, huku Spana akimwigiza dada yake alivyoshtuka bolti ilipoachia. Mkono wake ukachukua kimoja, ukakivua uzi. Ukakivisha ule mpira mwembamba mpya uliokuja na pakiti. Mkono ulifanya kazi yake vizuri. Mwenye mkono ndiye aliyekuwa kwenye maongezi.

Akafunga kifuniko, akakaza bolti, akarudisha mpira, akajaza maji ya kijani mapya. Injini ikawashwa. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukasimama, ukajivuta juu kidogo. Spana akasema hiyo ni hewa inatoka, akazima kabla haijatoka zaidi. Dada akamkumbatia, mafuta na yote. Shemeji akampa mkono, akamwita fundi, bila utani.

Jioni ilikuwa haijaingia bado alipokwenda jikoni kutupa kile cha zamani. Alikichukua kwa uzi wake, akakizungusha dirishani kukiaga. Hakikuwa na kovu.

Akakizungusha tena. Namba zilizopigwa kwenye shaba zilisomeka zote, kali, kama za jana. Springi ilikuwa nyeupe. Alikipeleka mwangani, akakifuta kwa shati, akakitafuta kovu kwa kucha kama mtu anayetafuta bei kwenye nguo. Hakuna. Kipya alikuwa amekishika mkononi. Cha zamani kilikuwa ndani ya Kobe, kimesuguliwa, kinanukia limau, kimevishwa mpira mpya.

Angeweza kutoka kwenda uani akasema. Ingekuwa kicheko cha jioni moja, na bolti zilezile zingefunguliwa tena. Alikuwa amefika mlangoni, kweli, na mdomo umeshafunguka, aliposikia sauti ya mama. Dada alikuwa anaongea naye kwa simu, sauti imefunguliwa uani kote. Alikuwa anamwambia ajiandae, gari limetengenezwa. Mama akauliza nani kalitengeneza. Dada akasema Spana.

"Afadhali," sauti ya mama ikasema. "Ningesikia ni mumeo, ningekuja kwa miguu, na plasta yangu hii."

Dada akacheka, akaomba radhi kwa macho. Shemeji naye akacheka, kicheko cha mtu anayeondoa kiti chake ili wengine wapite. Kisha akaelekea jikoni kunywa maji.

Spana alisikia nyayo. Mkono wake, uleule, ukafanya jambo la pili la kijinga siku hiyo: ukakisukuma kidude ndani ya kopo la ua lililokufa, ukakikandamiza udongoni mpaka kikazama, na uzi mweusi ukafuata. Shemeji alipoingia, alimkuta anaosha sufuria. Alishangaa kidogo. Hakuna aliyewahi kumwona Spana akiosha sufuria.

Usiku alijitetea mbele ya dari. Alisema kile cha zamani kilifunguka, si kweli kwamba hakikufunguka. Alisema labda kuchemshwa kumekiamsha. Alisema ataamka mapema, amwambie shemeji, wakibadilishe kimyakimya kabla ya safari. Dari ilikuwa na subira, haikumjibu.

Aliamka mapema. Shemeji alikuwa ameamka mapema zaidi. Alikuwa ameshafungua boneti, ametoa kifuniko cha rejeta, ameongeza maji kidogo, amekirudisha kifuniko. Alikuwa anafuta kiti cha nyuma atakachokalia mama, kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kitambaa kikavu.

"Shemeji," alianza Spana.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema shemeji. Akakunja kitambaa mara mbili, kama alivyokunja kila kitu. "Nilitaka kukushukuru. Mimi na mama... unajua. Akikaa hapa akapona, atanizoea. Akienda kwa kaka yenu, basi, ndiyo imekwisha, nitabaki yule fundi wa suruali. Umenisaidia kitu kikubwa wewe."

Spana alikuwa na sentensi mdomoni, tayari, imepangwa vizuri usiku kucha. Akaimeza. Badala yake akasema kwamba mama akimzoea atakoma, maana ataanza kumtuma. Wakacheka wote wawili.

Kwenda hakukuwa na tatizo. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, upande ule wa mlima barabara inapanda kidogo na kushuka sana, na ndani walikuwa watatu tu. Kobe alikwenda kwa adabu. Spana, kiti cha mbele, hakuona mti wala nyumba, aliona mshale. Kila ulipotikisika, alitikisika nao. Dada akiwa nyuma alimuuliza mbona leo haongei. Akasema anasikiliza injini.

Mama walimkuta ameshavaa, ameketi kitandani, mkoba mapajani, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama mzinga. Aliutazama ule mto mnene aliouleta shemeji. Akachungulia mfuko wa pembeni, akauliza nani kashona. Akaambiwa. Akatoa miwani yake kwenye mkoba, akaitia kwenye mfuko. Shemeji aligeuka ukutani kidogo. Spana aliona alivyofurahi, na afadhali angepigwa kofi.

Kurudi kulikuwa kurudi. Jua lilikuwa limepanda utosini, gari limebeba mgonjwa na mizigo ya wodini, na mlima kwa upande huu ulisimama wima kama umeudhiwa. Katikati ya kupanda, mshale ukaachana na katikati yake. Spana aliutazama unavyokwenda. Alijua kila hatua inamaanisha nini. Mlangoni mwa injini kulikuwa na bawabu amelala, na yeye ndiye aliyemrudisha kazini.

"Shemeji, punguza mwendo," alisema.

"Nimeshapunguza."

Harufu tamu ya maji ya rejeta iliingia kwanza, kisha mvuke. Shemeji akaegesha kando, pasipo na kivuli, hapakuwa na kivuli pengine. Injini ikazimwa, ikaendelea kuguna peke yake. Kisha mama akasema, kwa upole ulioumiza kuliko ukali, kwamba aliambiwa gari limetengenezwa.

Dada akasema limetengenezwa, jana, na Spana, wameona kwa macho yao. Mama akauliza baada ya kutengenezwa nani tena kaligusa.

Shemeji alikuwa ameshika usukani bado. "Ni mimi, mama," akasema. "Asubuhi nilifungua kifuniko cha rejeta nikaongeza maji. Pengine sikukifunga sawasawa."

Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililomkaa Spana kifuani kama mfupa. Shemeji hakuwa anamficha mtu wala kujitoa mhanga. Alikuwa amepekua asubuhi yake yote, akakuta mahali pekee alipogusa gari, akajikamata mwenyewe. Na sasa alikuwa anashuka, kitambaa mkononi, kwenda kuhakikisha.

Spana alishuka naye. Alikuwa anatafuta maneno. Alitaka yawe mepesi, yaanze na utani kidogo ili yasimchome mtu. Alijua kabisa kwamba rejeta ya moto haifunguliwi. Hata video ya kijinga kuliko zote ilianza na onyo hilo. Lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye changarawe, anapanga sentensi, na alipoyainua, shemeji alikuwa ameshafungua boneti, amefunika kifuniko kwa kitambaa na ameshakizungusha.

Maji yalitoka kama yaliyokuwa yanamsubiri. Shemeji aliruka nyuma. Uso ulisalimika. Mkono wa kulia haukusalimika.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kando ya tairi, akaushika mkono kwa mwenzake, akaupulizia. Dada alimmwagia maji yote ya kunywa. Ngozi ya vidole ilikuwa nyekundu, na kwenye kidole gumba na cha shahada, vile vidole vinavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano, ilishaanza kuvimba. Mama alichungulia dirishani. Akasema maskini. Kisha akasema mtu akijua hajui kitu, akiache kwa wanaojua, na akamtazama Spana kwa sifa.

Spana alisema, "Tungoje ipoe." Ndiyo yote aliyosema. Palikuwa na nafasi ya sentensi nyingine baada ya hiyo, nafasi pana. Akaijaza kwa kuinama chini ya boneti.

Injini ilipopoa, akajaza maji waliyopewa na lori lililopita, na akawaambia njia pekee ya kufika ni kuwasha hita mpaka mwisho, ili joto la injini litokee ndani ya gari badala ya kubaki humo. Wakawasha hita. Mchana ule, jua lile, hita inapuliza. Yeye akashika usukani kwa sababu mkono wa shemeji haukuweza. Walimaliza mlima, wakateremka upande wa pili wakitiririka jasho kama nyama kwenye mvuke, mama akijipepea kwa kadi ya hospitali. Aliuliza, bila kumtaja mtu, kama huku ndiko kuuguzwa kwenyewe, ajue mapema.

Walipofika, shangazi alikuwa mlangoni. Aliwaona wamelowa, akaona mkono wa shemeji, akauliza nani kapigana na nani. Dada alimweleza yote huku wakimwingiza mama sebuleni. Shangazi alisikiliza. Akaleta dawa ya kuungua, akaufunga mkono wa shemeji kwa kitambaa safi, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akarudi jikoni.

Mama aliketi kwenye kochi, mguu juu ya mto. Kitanda kilikuwa tayari chumbani, lakini hakutaka kupelekwa. Mkoba aliuweka mapajani, mikono miwili juu yake, kama abiria ambaye basi lake halijafika. Hata chai alipoletewa, aliinywa na mkoba mapajani.

"Mwanangu usinielewe vibaya," alimwambia dada mwishowe. "Sina neno na mtu. Lakini mimi ni mgonjwa. Usiku nikizidiwa, nitapelekwa na nani hapa? Mpigie kaka yako aje anichukue."

Dada alimtazama mumewe. Shemeji alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, mkono uliofungwa juu ya goti, mweupe, mkubwa, kama si wake. Akaitikia kwa kichwa.

"Mama ana haki," alisema. "Kosa ni langu."

Spana alisimama. Alisimama kabisa, akakohoa, kila mtu akamgeukia, hata mama akainua uso. Na katika nafasi ile, Mungu shahidi, alichokisema ni kwamba labda pia barabara ile ina mlima mbaya.

"Mlima upo miaka yote," alisema mama.

Akakaa.

Shangazi alitoka jikoni. Mkono mmoja alishika kopo lake la ua, lililowekwa juu ya sahani lisichafue zulia. Kile kijiti kikavu kilikuwa palepale. Alitembea bila haraka mpaka katikati ya sebule, akaliweka kopo mezani, mbele ya mama, akalizungusha kidogo lielekee vizuri.

"Wifi," alimwambia mama, "hawa watoto walikuwa wananicheka. Kila siku, shangazi ua lako limekufa, shangazi litupe. Leo mmeondoka, nikalimwagilia. Udongo ukashuka."

Akaingiza vidole viwili ukingoni mwa kopo, akashika kitu chembamba cheusi, akakivuta polepole. Uzi ukatoka. Nyuma ya uzi, kikidondosha udongo juu ya sahani, kikatoka kidude kidogo cha shaba chenye springi nyeupe.

"Limezaa," alisema shangazi.

Dada aliweka kikombe chini. Shemeji aliinama mbele, akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakifuta udongo kwa kidole gumba. Alikitazama ukingoni, upande mmoja, kisha upande wa pili. Alitazama uzi mweusi aliokuwa ameukata mwenyewe. "Hiki ndicho kipya cha gari," alisema. Akakilaza juu ya meza, taratibu, kama alivyolaza kila kitu, na akamwinulia Spana macho ambayo hayakuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ingesaidia.

Shangazi alisema jana alijiuliza sana. Kijana ambaye yeye mwenyewe amempigia kelele tangu utoto aoshe sahani yake, ghafla anaosha sufuria bila kutumwa.

Spana alifungua mdomo. Utani haukuja. Aliuita kama mtu anayemwita paka, kwa kila jina alilolijua, na hapakuwa na kitu.

Mama alitazama kidude. Akautazama mkono uliofungwa. Kisha akautoa mkoba mapajani, akamnyooshea shemeji aupokee, na shemeji akaupokea kwa mkono wake mzima, bila kuelewa bado.

"Kauweke chumbani, mwanangu," mama alimwambia. "Karibu na kile kitanda ulichonitandikia."

Akasubiri mpaka ametoka. Ndipo akamgeukia mtoto wake wa mwisho.

"Haya, Spana. Nakusikiliza."